Jina Tu Kwenye Karatasi ya Kura

14 Mill Fold, Netherfold
10 Aprili

Shangazi mpendwa,

Simu huitaki kwa sababu husikii, na wewe unasema ujumbe wa simu unakuumiza macho, kwa hiyo nimenunua stempu. Natumaini upepo wa huko Filey haujakuchosha, na kwamba wewe na jirani yako mwenye kasuku mnaendelea kugombana vizuri.

Nina jambo la kukuambia, nalo tafadhali lisifike kwa Baba. Wiki iliyopita Bwana Clive Barraclough wa chama alikuja dukani kwetu. Alinunua pai mbili za nyama na viazi, akasubiri wateja waishe, kisha akasema, "Marnie, mwanangu, wewe ni Sugden. Familia yenu ni ya chama tangu enzi. Kata ya Netherfold haina mgombea mwaka huu. Nataka jina tu."

Nikamuuliza kama nitatakiwa kuongea mbele ya watu. Akacheka. "Kuongea? Hutatakiwa hata kutoka nje. Hatuchapishi kitu, hatugongi mlango wa mtu. Watu wetu wanapenda kuona jina la chama kwenye karatasi ya kura, basi. Thackray atashinda kama kawaida yake, na wewe utaendelea kuuza pai."

Nilisaini. Kama ningekataa ningelazimika kueleza kwa nini, na mama mmoja alikuwa ameshaingia anataka soseji. Unanijua nilivyo.

Jana wamebandika majina ya wagombea kwenye ubao wa maktaba. Tuko wawili tu, Sugden na Thackray. Pembeni yake kuna tangazo lingine: mwezi wa Juni baraza la manispaa litapiga kura kulifunga bwawa la kuogelea la Mtaa wa Hebble, na kiwanja kiuzwe. Limesainiwa na Diwani Geoffrey Thackray, mwenyekiti wa kamati. Nilisimama pale nikitazama tangazo hili na lile mpaka mkutubi akaniuliza kama naumwa.

Je, nimefanya vibaya?

Mwanao,
Marnie


Filey
13 Aprili

Marnie,

Kasuku amekufa, kwa hiyo tumepatana.

Hivi wewe mtoto unaelewa ulichosaini? Mtu kama wewe tunamwita mgombea wa karatasi. Ni desturi, kila chama kinafanya. Anawekwa kama lile sanamu la dirishani kwenye duka la nguo: limevaa koti, lakini halina pa kwenda. Wengi wao siku ya kura hulala mpaka saa sita na hakuna anayeumia. Lakini muda wa kujitoa umeshapita, na jina lako litakuwa mbele ya kila mpiga kura wa Netherfold, upende usipende. Kilichobaki ni kuamua kama na wewe utakuwepo.

Nakuuliza jambo moja tu. Unataka bwawa lifungwe? Nilikufundisha kuogelea mle ndani ukiwa na miaka mitano. Nchi kavu ulikuwa huongei na mtu. Ukiingia majini ulikuwa unacheka peke yako kama kichaa. Kama hutaki lifungwe, nenda milangoni.

Sikiliza. Chukua mwiko wa mbao. Karatasi unaisukuma kwa mwiko kwenye tundu la barua, vidole usiingize kamwe. Nyuma ya kila mlango kuna mbwa, na yule mdogo ndiye mbaya zaidi. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge. Usikatize kwenye majani ya mtu. Ukigonga, rudi nyuma kidogo, mtu asifungue akakukuta puani kwake. Na aliyetoka na taulo usibishane naye, mwambie utarudi.

Halafu hilo la Keith. Kaka yangu anaendesha basi katikati ya kata hiyo hiyo. Unadhani atakaa siku ngapi bila kuambiwa?

Shangazi yako,
Doreen


14 Mill Fold
19 Aprili

Shangazi,

Hakukaa. Abiria alimpongeza. Baba alirudi nyumbani akavua kofia, akakaa mezani bila kuchemsha chai. "Bi Ormerod kapanda basi pale sokoni, ananiambia, 'Hongera Keith, binti yako anataka udiwani.' Nikamwambia amekosea basi." Nikalia kidogo. Akasema, "Silalamiki kwamba umegombea. Nalalamika kuambiwa na mtu anayelipia nauli."

Milangoni nimeenda, lakini sijagonga. Nilijaribu mlango wa kwanza wa Bankfield Road. Nikasikia mtu anakuja, nikakimbia. Basi nikaandika barua badala yake. Nimeandika kwa mkono: mimi ni Marnie Sugden, nina miaka kumi na minane, sijui kuongea vizuri mbele ya watu, sitaki bwawa la Mtaa wa Hebble lifungwe, Diwani Thackray anataka, na kama unakubaliana nami nipigie kura Alhamisi tarehe 7 Mei. Nikatoa nakala maktaba kwa pesa yangu ya pai. Nimemaliza Bankfield Road yote na nusu ya Chapel Hill. Mwiko umeliwa ncha na mbwa wa nambari tisa. Ni mdogo, kama ulivyosema.

Na watu wananijibu, Shangazi! Wanaacha vikaratasi dukani. Mmoja ameandika, "Mimi pia sijui kuongea. Kura yangu unayo."

Marnie


Ofisi ya Chama, Aldershaw
21 Aprili

Marnie mpendwa,

Nimesikia umeonekana Bankfield Road na mwiko. Bidii yako inapendeza, na ujana ni ujana, lakini naomba uache.

Nitakueleza kwa kifupi mambo ambayo hayaandikwi kwenye magazeti. Sisi tunaihitaji sana kata ya Moorend mwaka huu. Wenzetu wa upande wa pili wanaihitaji Netherfold. Watu wazima huelewana. Wao hawatusumbui kule, sisi hatuwasumbui huku. Ukiendelea kugusa milango ya Thackray, kesho watagusa yetu ya Moorend, na lawama itakuwa yako.

Kama una nguvu nyingi, njoo Moorend utusaidie kukunja karatasi. Biskuti zipo.

Wako katika chama,
Clive Barraclough


14 Mill Fold
22 Aprili

Bwana Barraclough,

Asante kwa barua na kwa biskuti.

Uliniambia hakuna mtu wa kugombea Netherfold. Hukuniambia kwamba hamtaki awepo. Kama ungeniambia, ningekataa hata kama mama wa soseji alikuwa anasubiri.

Sikuwa kwenye maelewano yenu. Watu wa Chapel Hill nao hawakuwepo. Leo namalizia nusu iliyobaki.

Kwa heshima,
Marnie Sugden


Ofisi ya Madiwani, Manispaa ya Aldershaw
24 Aprili

Kwa Bi Marnie Sugden,

Imeletwa kwangu nakala ya barua unayoisambaza katika kata ya Netherfold. Sheria ya uchaguzi iko wazi: kila karatasi ya kampeni iliyotolewa nakala lazima ioneshe jina na anwani ya aliyeitoa. Yako haina anwani popote. Hilo ni kosa la jinai.

Sina nia ya kumharibia maisha binti mdogo. Nimeambatanisha tamko fupi kwa ajili ya gazeti, linalosema kwamba uligombea bila kuelewa na kwamba unawaomba wapiga kura wasikupe kura. Ukilisaini kabla ya Jumatano, suala hili nitalichukulia kuwa limekwisha. Usiposaini, nitalipeleka polisi.

Nakutakia mema katika ajira yako.

Diwani G. Thackray


Filey
25 Aprili

Marnie mwanangu,

Barua kwa mkono! Miaka yote niliyokaa kwenye kampeni hakuna aliyewahi kufikiria hilo. Wanapokea makaratasi ya rangi yenye picha za wanaume wanaonyoosha kidole kwenye mashimo ya barabarani, wanayatia moja kwa moja kwenye pipa. Toa nakala nyingine, maliza kata nzima, usiache hata tundu moja.

Nitumie moja niione. Sina haja ya kukukumbusha kuweka anwani yako chini kabisa, hilo kila mtu analijua.

Nimemwonesha jirani barua yako. Amesema nami ningeweza kuandika hivyo kama ningekuwa na adabu. Tumegombana tena, namshukuru Mungu.

Doreen


14 Mill Fold
1 Mei

Shangazi,

Barua yako ilifika siku mbili baada ya ile ya Thackray. Niliisoma ile sentensi ya anwani nikiwa nimekaa kwenye ngazi.

Mimi sikulijua. Sikuweka anwani, Shangazi. Nakala zote. Nilidhani kila mtu anajua ninapokaa. Thackray ananitaka nisaini tamko gazetini kwamba sikuelewa nilichofanya, na kwamba watu wasinipigie kura. La sivyo polisi. Sikukuandikia mapema kwa sababu kwa siku mbili nzima nilikuwa nimeamua kusaini. Nilikuwa na kalamu mkononi.

Baba ndiye aliyelisoma lile tamko kwa sauti, taratibu, kama anavyosoma ratiba mpya za basi. Alipofika kwenye "bila kuelewa" akaacha. "Ulielewa?" Nikasema ndiyo. "Ulitaka wasikupigie?" Nikasema hapana. "Basi hii ni barua ya mtu mwingine, imekosea nyumba." Akaniachia mezani akaenda kuosha vyombo.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe ofisi ya uchaguzi, nikamwambia mama wa kaunta nilichofanya kabla hajaniuliza. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka mpaka mtu wa nyuma yangu akanipa pipi. Yule mama akasema, "Mimi siwezi kukufunga wala kukusamehe. Kosa ni kosa. Zilizobaki usizisambaze hata moja. Kuongea kwa mdomo, hakuna sheria inayokukataza."

Basi imebidi niongee kwa mdomo.

Nimerudi kila mlango niliotia barua. Baba akitoka zamu anasimama getini na sare yake, anashika geti tu. Nagonga, narudi nyuma, nasema, "Mimi ni Marnie Sugden, nakaa nambari 14 Mill Fold. Niliwaletea barua isiyo na anwani, na sheria inataka iwepo. Ndiyo hiyo. Mkitaka kunilaumu kwa lolote, njooni pale."

Bi Rukhsana Mahmood, yule anayeogelea Jumapili asubuhi kwenye saa ya wanawake, aliniangalia juu mpaka chini. "Umekuja kuniambia unakaa wapi? Si pale kona? Nakuona kila siku unatoa mapipa!"

"Sheria, Bi Mahmood."

"Na Thackray yeye anakaa wapi?"

"Kwenye karatasi zake wameandika ofisi ya chama chake, mjini."

"Enhe! Mtu anayetufungia bwawa nisijue anakaa wapi, na mtoto wa kona ndiye aitiwe polisi." Akageuka akapiga kelele ndani, "Tariq! Shuka umwone huyu binti, amekuja kujishitaki mwenyewe!" Nilikula sambusa tatu kwa sababu sikujua namna ya kukataa.

Bwana Ormerod wa Chapel Hill alikuwa mgumu. "Nimempigia Thackray miaka yote," alisema. "Na bwawa sijaligusa tangu nioe."

"Na mke wako?"

"Huyo Jumanne zote yuko huko. Ndiyo siku pekee nasikiliza redio kwa amani."

Nikasema, "Likifungwa, Jumanne atakuwa hapa." Sikutaka kuwa na kejeli, Shangazi, nilikuwa nawaza tu kwa sauti. Akageuka akatazama ndani kwake. Halafu akasema, "Hebu rudia jina lako."

Wengine wamenifungia mlango. Mmoja aliniambia nirudi nikiota meno. Jioni nikifika nyumbani natupa viatu na kuapa kwamba nimemaliza. Lakini kesho yake naenda tena, kwa sababu nikikosa siku moja najua sitarudi.

Tamko nimelirudisha kwa Thackray bila kusaini. Nimeandika chini yake tu: "Polisi watanipata kwenye anwani hiyo hapo juu." Askari alikuja dukani jana. Akanipa onyo mbele ya foleni, akanunua pai, akauliza bwawa linafungwa lini, maana binti yake yuko kwenye timu.

Nisamehe kwa kutoijua hiyo sheria ya anwani.

Marnie


Filey
4 Mei

Mwanangu,

Mimi ndiye nilipaswa kukuambia, tena kwa herufi kubwa, kabla ya habari za mwiko na mbwa. Hilo tuliache.

Sitakuandikia ushauri mwingine. Sina. Hayo uliyofanya kwenye milango hiyo mimi sijawahi kuyafanya. Mimi nilikuwa jikoni na sufuria ya chai nikiwapanga wengine. Alhamisi kula asubuhi. Vaa viatu vya zamani.

Doreen


14 Mill Fold
9 Mei

Shangazi,

Nimeshindwa. Naanza na hilo ili usisome ukiwa na matumaini. Thackray amenipita kwa kura arobaini na tatu. Safari iliyopita alishinda kwa zaidi ya elfu moja, na hakuna aliyejisumbua kuhesabu vizuri.

Kura zilihesabiwa jana asubuhi kwenye ukumbi wa michezo. Nilisimama nyuma ya kamba nikiangalia mikono ya wahesabuji. Bwana Barraclough alikuwepo na suti, akasalimiana na Thackray kama wakwe. Aliponiona akasema, "Umejitahidi, mwanangu, sasa tabasamu tu."

Kisha msimamizi akatuita kutazama kura zenye utata. Moja mtu alikuwa amechora moyo kwenye kisanduku changu. Thackray akasema huo ni mchezo, si kura. Msimamizi akasema nia yake inaonekana, akaihesabu kwangu. Nyingine ilikuwa imeandikwa BWAWA kwa herufi kubwa, kutoka ukingo mpaka ukingo, bila alama popote.

"Hii naikataa," akasema msimamizi. "Haijamchagua yeyote."

"Sahihi kabisa," akasema Thackray.

Bwana Barraclough akanibana bega. "Moja tu hiyo. Nyamaza, twende zetu."

Unajua nilivyo watu wakiwa wengi. Jana nilikuwa vile vile. Lakini nikaongea. "Napinga," nikasema. "Naomba iandikwe juu yake kwamba nimepinga." Ukumbi haukunyamaza wala nini, watu waliendelea kuhesabu. Lakini msimamizi alichukua kalamu akaandika, kwa sababu ni haki yangu. Kwa hiyo ile karatasi imekataliwa, na inasema kwamba kuna mtu aliyekataa ikataliwe.

Walipotangaza, Thackray alinipa mkono. "Si vibaya kwa mtoto wa shule."

"Shule nimemaliza, Bwana Diwani," nikamwambia. "Tutaonana Juni kwenye kikao."

Nyuma yake alikuwa amesimama Diwani Lumb, mwenzake wa kata hii hii. Si unajua tuna madiwani watatu na tunachagua mmoja mmoja. Kiti chake yeye kitapigiwa kura mwakani. Watu wote wa upande wao walikuwa wanampigia Thackray makofi. Yeye alikuwa ananiangalia mimi.

Nililia kwenye basi. Baba ndiye aliyekuwa anaendesha. Alipitiliza kituo chetu bila kusimama mpaka nikamaliza, halafu akanishusha alipogeuzia.

Marnie


Ofisi ya Chama, Aldershaw
14 Mei

Marnie mpendwa,

Chama kinakushukuru kwa mchango wako. Moorend tumeshinda, kwa hiyo yaliyotokea yamesamehewa.

Kamati imeamua kwamba mwakani Netherfold, kwa jinsi ilivyochangamka, ipewe mtu mwenye uzoefu. Nimejitolea mimi mwenyewe. Ila hatujakusahau. Kata ya Upper Royd haina mtu, ni mashambani, kondoo wengi kuliko wapiga kura, na hakuna utakachotakiwa kufanya. Fomu nitaileta dukani wakati wake.

Na hilo la kuzungumza kwenye kikao cha bwawa, nakushauri kama baba, liache. Kamati inataka utulivu.

Clive Barraclough


14 Mill Fold
18 Mei

Bwana Barraclough,

Upper Royd sikai. Sitasaini.

Mwakani nitagombea Netherfold, na kama chama kimekuchagua wewe basi nitagombea bila chama. Zinatakiwa saini mbili za wakazi. Bi Mahmood ametoa ya kwanza kabla sijamaliza kuomba. Ya pili anaitaka Bwana Ormerod, na Baba naye anaitaka, wanabishana mpaka leo.

Kwenye kikao cha Juni mwananchi anapewa dakika tatu. Nimeshaandikisha jina. Diwani Lumb amenipigia simu juzi kuniuliza nitasema nini, nikamwambia aje asikilize. Akauliza tena, kwa sauti ya chini, ni watu wangapi watakaokuja nami. Nikamwambia sijui, bado nagonga milango.

Jana ilikuwa zamu ya mtaa wako. Nilikuwa nimejiandaa kukueleza mambo ya bwawa kwa adabu, lakini hukuwepo. Alifungua mke wako. Tumeongea mpaka chai ikapoa. Kumbe anaogelea Jumanne pamoja na Bi Ormerod, na kuhusu maelewano yenu ya Moorend hakuwahi kuambiwa.

Ameomba bango la BWAWA LIBAKI, lile kubwa. Nilimuuliza kama wewe hutachukia. Amesema dirisha la mbele analisafisha yeye. Tumelibandika pamoja, na ukiwa ndani hulioni, lakini mtaa mzima unaliona.

Marnie Sugden